Meza Namba Mbili

Mimi ni katibu wa ukumbi wa mafundi cherehani, meza namba nane, na kwa miaka tisa nilijiona mtu wa bahati. Nalisema hili mapema usije ukadhani nasimulia ujinga wa watu wengine. Mjinga wa mbele kabisa nilikuwa mimi, na wa kunifuata alikuwa mwenyekiti wetu.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la saruji zamani. Una madirisha upande mmoja tu, meza kumi na moja, pasi mbili zinazogombewa tangu asubuhi, na overloki moja ya kufungia kingo za nguo ambayo kila mtu anadai mwenzake ndiye aliyeiharibu. Kila fundi ana wateja wake wa kudumu. Lakini wapo pia tunaowaita wateja wa mlangoni: mtu anapita njiani na kitambaa chake mfukoni, anaona kibao, anaingia, hamjui yeyote. Huyo ni wa nani?

Mwanzoni alikuwa wa mwenye mbio. Mpaka siku mafundi wawili, watu wazima wenye wajukuu, walipokivuta kitambaa cha mama mmoja, huyu huku, yule kule, kikapasuka toka pindo hadi pindo. Mama wa watu akaondoka na vipande viwili. Aibu ile ilitukalisha chini. Ndipo Babu Suruali, mzee wetu ambaye hajawahi kushona kitu kingine zaidi ya suruali, akatoa mfukoni dadu mbili za mchezo wa ludo.

"Mteja arushe mwenyewe," akasema. "Jumla itakayotoka ndiyo meza yake. Hapo hakuna wa kumnunia mwenzake."

Dadu moja inaishia sita, mbili zinaishia kumi na mbili, na jumla ya moja haiwezi kutoka. Kwa hiyo zinabaki namba kuanzia mbili mpaka kumi na mbili, na ukizihesabu utazikuta kumi na moja. Meza kumi na moja, namba kumi na moja. Tulitazamana tukaona hapa pana mkono wa Mungu. Tukaandika namba kwenye meza kwa chaki, mbili mlangoni, kumi na mbili kule ukutani, tukaweka sahani ya bati juu ya stuli na dadu ndani yake. Tangu siku hiyo hakikupasuka kitambaa kingine.

Mwenyekiti alikuwa ameshachagua meza ya katikati kwa ajili ya mwanga wa dirisha, ikaangukiwa na namba saba. Tukamwita Mama Saba. Dadu zilimpenda mama huyu ajabu. "Nyota njema huonekana asubuhi," alikuwa akisema kila mteja wa kwanza akirusha saba, na ilitokea mara nyingi hivi kwamba wanawake wenye mimba walimwomba awaguse bega. Mimi wa nane, jirani yake, nilipata za kunitosha, nikaamini bahati yake ikijaa inamwagikia kwangu. Wale wa namba tatu na kumi na moja walilalamika kidogo. Tuliwaambia wasali.

Lakini balaa lenyewe lilikuwa meza namba mbili. Waanzilishi tulikuwa kumi, na meza ile ya mlangoni, yenye vumbi na upepo, tuliiacha kwa fundi mpya. Sheria ya fundi mpya ilikuwa moja: ana miezi sita ya majaribio, na ndani yake ashone nguo ishirini za wateja wa mlangoni, ili tuione kazi yake kwa watu asiowajua. Asipofikisha, anaiacha meza. Wateja wa mlangoni ni kama wawili kwa siku, kwa hiyo ishirini kwa miezi sita ilionekana mteremko. Hata hivyo kila aliyekaa pale alishindwa. Wa kwanza aliondoka analia. Wa pili alimwita seremala akabadilisha miguu ya meza, akaisogeza hatua moja kutoka mlangoni, akaondoka vilevile.

Wa tatu alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Mimi ndiye niliyempigania apate meza. Mdogo wangu akishona kola, inalala yenyewe shingoni hata bila pasi, na mimi mkubwa wake sijawahi kuiweza kola ile. Miezi sita ilipokwisha nilifungua daftari la ukatibu, nikasoma mbele ya watu idadi yake, nikaifunga habari. Nje nikamwambia kwa mdomo wangu huu: "Mdogo wangu, mkono unao. Bahati ndiyo huna." Akaenda nyumbani, akakunja cherehani yake ndani ya kabati lake la mbao, akaifunika kitambaa na juu akaweka televisheni. Miaka miwili ikapita hajatia uzi kwenye sindano.

Basi kwenye meza hiyo ndipo alipokuja kukaa mwanamke ninayetaka kukusimulia. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, anatembea haraka kama aliyeacha chungu motoni. Alitoka kiwanda cha soksi, ambako kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kulinganisha soksi, hii na mwenzake, mpaka kiwanda kilipofungwa. Shule aliishia kidato cha pili, baba yake alipougua, na kitu alichokiacha kwa machungu kule shuleni kilikuwa hesabu. Mumewe alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Tukamwita Mbili, kwa meza yake, naye akaitika bila kinyongo.

Siku ya kwanza tu alitushangaza. Umeme ulikatika, kijana wa watu anangoja, na sanduku la vifungo lilikuwa na vya aina mbili vimechanganyika. Babu Suruali akaanza kupapasa. Mbili akamwambia, "Babu, chota vitatu tu uje navyo hapa penye mwanga. Vikiwa vitatu na aina ni mbili, lazima viwili vifanane." Babu akachota vitatu, akasogea mlangoni, akakuta viwili ndugu. Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Niliona mtu mpya anajifanya anajua.

Miezi mitatu ikapita, Mbili ana nguo nne. Watu wakaanza kuzunguka meza yake wanapokwenda kunywa maji, wasiiguse. Mimi nilimwendea kwa huruma ile ya mtu aliyeshiba.

"Dada, usijitese," nikamwambia. "Nyota yako imelala. Hata za waliokutangulia zililala."

Akakata uzi kwa meno, akanitazama. "Wote watatu?"

"Wote."

"Na mimi wa nne." Akatikisa kichwa. "Nyota za watu wanne zikilala kwenye kiti kimoja, dada yangu, mimi singeziuliza nyota. Ningekiuliza kiti."

Nilirudi mezani kwangu nimenuna. Baadaye ndipo aliponieleza alichokuwa akifikiri. Pale nyumbani kwake kila Jumapili alasiri hucheza ludo na mama mkwe wake, bibi mchokozi ambaye hajasoma darasa hata moja na hajashindwa hata Jumapili moja. Wanacheza kwa dadu mbili. Na bibi huyo ana mwiko mmoja: kete yake haiachi hatua saba mbele ya kete ya adui, isije ikaliwa. Tatu ataiacha, kumi na moja ataiacha na kwenda kunywa chai, lakini saba hapana. Mbili alimuuliza kwa nini. "Mwanangu," bibi akasema, "nimecheza mchezo huu tangu sijaolewa. Saba huja."

Saba huja. Neno hilo lilimkaa Mbili kichwani wiki nzima. Kama saba huja mezani kwa mama mkwe, ambaye si Mama Saba wala hana uhusiano naye, basi huenda si Mama Saba anayeiita.

Mwezi wa nne akaanzisha kitu tulichodhani ni pambo. Alitandika kipande cha kitambaa cheupe, akachora mistari kumi na moja iliyosimama, akaiandikia namba mbili hadi kumi na mbili. Kila mteja aliporusha dadu, Mbili alitia mshono mmoja wa msalaba kwenye mstari wa namba iliyotoka, akipanda kutoka chini kwenda juu. Tulimuuliza, akasema anashona mto. Mama Saba akasema afadhali, kwa kuwa kazi nyingine hana. Tulicheka, na mimi nilicheka kupita wote.

Siku ya mwisho ya miezi sita ikafika, ilikuwa Ijumaa mchana baada ya chakula. Tulivuta viti tukakaa duara. Nikafungua daftari langu, nikasoma: nguo nane. Hakuna aliyeshtuka. Mama Saba alianza maneno yake ya kuaga, kwamba milango haifungwi, kwamba riziki iko pengi. Mbili alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, kiwanda kimefungwa, na meza ile ndiyo mahali pekee palipokuwa pamemkubali.

"Mama Mwenyekiti," akasema, "kabla hujamaliza, nipe dakika kumi."

Akapewa. Akatoa dadu mbili za kwake. Moja nyeupe, nyingine mumewe alikuwa ameipaka rangi nyekundu ya mlango. Kisha akatoa mfuko wenye vipande vidogo vya kitambaa, kila kimoja kimeshonwa tarakimu mbili, moja kwa uzi mweupe, moja kwa uzi mwekundu.

"Nyeupe ikitoa moja," akauliza, "nyekundu inaweza kutoa namba ngapi?"

"Sita," tukajibu kama watoto wa darasa la kwanza.

"Nyeupe ikitoa mbili?"

"Sita tena."

"Mpaka nyeupe ifike sita. Kwa hiyo njia zote za kuanguka dadu hizi ni ngapi?"

"Thelathini na sita," akasema Babu Suruali, ambaye kwa hesabu za suruali hana mpinzani.

"Ndivyo hivi vipande. Nitasoma kimoja kimoja. Ukisikia jumla ni ya meza yako, njoo ukichukue."

Akaanza. Moja na moja: akakiweka mbele yake mwenyewe. Moja na mbili: cha namba tatu. Tuliinuka na kukaa, tunapokea. Alipofika kwenye tatu nyeupe na nne nyekundu, Mama Saba akachukua. Baadaye ikaja nne nyeupe na tatu nyekundu, Mama Saba akanyoosha mkono, kisha akausimamisha hewani. Ni mwenye bahati lakini ni mwaminifu.

"Hicho nimeshapewa," akasema. "Tatu na nne, nne na tatu, si kitu kilekile?"

Ukumbi ukaguna kukubali. Hata mimi niliona hapo kamkamata. Mbili akainuka, akachukua mezani kwangu blauzi niliyokuwa nimeikata, akanyanyua mikono miwili ya blauzi hiyo, ambayo ilikuwa haijaungwa.

"Mikono hii inafanana?"

"Inafanana."

"Basi Mama, unga wa kulia kushoto na wa kushoto kulia, halafu umvalishe mteja."

Hapakuwa na fundi pale ambaye hajawahi kufanya kosa hilo walau mara moja na kulia nalo. Mama Saba akakitazama kipande, akakichukua. Kuanzia hapo hakuna aliyebisha.

Vipande vilipokwisha, Mbili akatuomba kila mtu afungue kiganja. Mama Saba alikuwa na sita. Mimi nilikuwa na vitano, na jirani yake wa upande wa pili, namba sita, vitano pia. Viganja vikazidi kuwa vyepesi kadiri ulivyokwenda mlangoni na kadiri ulivyokwenda ukutani. Babu Suruali, wa kumi na mbili kule ukutani, alikuwa na kimoja. Mbili alikuwa na kimoja.

"Miaka tisa," Babu akasema taratibu, akikigeuza kipande chake, "nilidhani Mungu ananipumzisha."

Hapo ndipo nilipoona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu siku zote. Babu alikuwa akipata wateja wa mlangoni wachache sawasawa na wale wa meza mbili, lakini hakuna aliyewahi kusema ana mkosi, kwa sababu alikuwa na wateja wake wa suruali tangu enzi. Mkosi tulimpa yule tu asiye na kitu kingine cha kushika.

Lakini Mama Saba hakuwa mtu wa kuangushwa na vitambaa. "Haya ni maneno ya kupanga," akasema. "Dadu haziwezi kujua umekata vipande vingapi."

Mbili akaufunua ule mto wake. Misalaba ya miezi mitatu, kama mia moja na hamsini. Mstari wa mbili ulikuwa na misalaba minne, wa saba ishirini na sita, wa kumi na mbili mitatu, na katikati ya hiyo mistari ilipanda na kushuka pole pole. Nilikiinamia kitambaa na maneno yakanitoka bila kuyaita.

"Hiki ni kichwa cha mkono wa blauzi."

Kila mtu akaona. Lile umbo tunalokata kila siku kwenye karatasi, linaloanza chini, linapanda, linakuwa duara juu na kushuka upande wa pili, lilikuwa limejishona lenyewe kwa dadu zetu wenyewe, zilizorushwa na wateja wenyewe.

Mama Saba akapitisha kidole juu ya misalaba. Kisha akasema lile ambalo mtu mwenye fahari husema. "Inawezekana. Lakini mimi najijua. Bahati yangu nimezaliwa nayo. Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, mwanangu."

"Basi tuijaribu," Mbili akasema. "Tubadilishane namba kwa wiki nne. Kila mtu abaki mezani kwake, kwenye kiti chake. Namba tu ndiyo ihame. Kama bahati ni ya mtu, itakufuata. Kama mkosi ni wa meza, utabaki na mimi hapa mlangoni."

Sote tukamtazama mwenyekiti. Angekataa, ingeonekana anaogopa, na mama yule haogopi kitu zaidi ya kuonekana anaogopa. Akachukua chaki, akafuta saba mezani kwake kwa kiganja, akaandika mbili kubwa ya kutosha kusomeka barabarani.

Sijawahi kuona wiki nne ndefu kama zile. Wiki ya kwanza Mama Saba hakupata mteja wa mlangoni hata mmoja, akasema ni kawaida. Wiki ya pili hakupata, akaanza kuja mapema. Wiki ya tatu alipata mmoja, kaptula ya mtoto ya kutia lastiki, akaishona kwa uangalifu ambao hata gauni la harusi halipati. Kisha nikamsikia mteja wake mmoja wa zamani akimuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, uko salama? Watu wanasema nyota yako imeshuka." Akainamia cherehani yake. Wakati huohuo pale mlangoni, kwenye vumbi na upepo, Mbili alikuwa hapumui. Dadu zilirushwa mara arobaini na nane. Yeye alipata tisa. Mwenyekiti alipata ile kaptula.

Tukakaa tena duara. Nami, katibu, nikafungua daftari. Nakiri nilikuwa bado na kiburi. Nikasema, "Nane na tisa ni kumi na saba. Sheria inasema ishirini."

Mbili hakujitetea. Alinitazama tu, na sijui kwa nini, macho yake yakanifanya nigeuze kurasa kurudi nyuma. Daftari lile nimeliandika mimi miaka tisa, kila mteja wa mlangoni na namba ya meza yake, na sijawahi hata siku moja kulisoma kwa ajili ya kujua kitu. Nilimtafuta yule fundi wa kwanza wa meza mbili, aliyeondoka analia. Nguo tisa. Nikamtafuta wa pili, wa miguu ya seremala. Nguo nane. Kisha nikafika kwenye ukurasa wa mdogo wangu. Mwandiko wangu mwenyewe, msafi, umepigiwa mstari kwa rula. Nguo saba.

Nilisoma kwa sauti, kwa sababu ni kazi ya katibu kusoma. "Tisa. Nane. Saba. Nane." Nilipofika saba nikalia mbele ya watu kumi, mimi niliyezoea kuwaonea wenzangu huruma. Watu wanne tofauti, miaka tofauti, mikono tofauti, na hesabu ni karibu ileile kama nimeinakili. Na mmoja wao nilimwambia hana bahati, wakati bahati hiyo sisi ndio tuliomkatia fupi.

Mama Saba akainuka. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema. "Mimi nimelala humo wiki nne tu, na nilianza kujiogopa. Huyu kalala miezi sita, na akapata nafasi ya kufikiri." Akamgeukia Mbili. "Meza ni yako. Na sheria ile, katibu, ipigie mstari wa kuifuta. Sasa tuambie, mwanangu, tufanyeje? Turudi kuvutana vitambaa?"

Mbili alikuwa ameshafikiri, bila shaka. Akatoa kopo la maziwa ya unga lililooshwa likang'aa, na ndani yake vifungo vya ukubwa mmoja, kila kimoja kina namba. Mteja anatia mkono bila kutazama, anatoa kifungo kimoja. Kifungo kilichotoka hakirudi. Kinatungwa kwenye uzi ukutani mpaka vyote vimetoka, ndipo vinarudishwa na kuanza upya.

"Nani atapata leo, hatujui," akasema. "Lakini hakuna atakayerukwa. Tukifika mwisho wa kopo, kila mtu amekula."

Babu Suruali akanyanyua kidole. "Na dadu zilitufunga kwenye meza kumi na moja. Kopo hili lina kikomo?"

"Halina, Babu. Ukiongeza meza, unaongeza kifungo."

Sikumsubiri mtu amalize. Niliomba vipande vyangu vitano na kile kimoja cha Mbili, nikatoka na tepu ya kupimia bado ikining'inia shingoni, nikaenda moja kwa moja kwa mdogo wangu. Nilimkuta anaosha vyombo. Nikavipanga mezani kwake vile vipande, vitano upande wangu, kimoja upande wake, nikamweleza vibaya, nikachanganya nyeupe na nyekundu, nikaanza upya. Alisikiliza mikono ikiwa bado na povu.

"Kwa hiyo dada," akasema mwishoni, "haikuwa mimi."

"Haikuwa wewe. Ilikuwa sisi. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alifuta mikono, akaenda sebuleni, akashika televisheni upande mmoja, akanitazama nishike upande wa pili. Tukaishusha chini.

Tulimwekea meza ya kumi na mbili karibu na dirisha, na kwa kuwa namba zote zilikuwa zimechukuliwa, tukampa ile ambayo dadu haziwezi kuitoa. Akawa Namba Moja. Jumatatu kopo likaanza kazi. Kifungo cha kwanza kilikuwa cha Babu Suruali, akajigamba siku nzima. Jumanne vilitoka cha nane na cha tatu. Jumatano, Alhamisi, vikatoka vingine, na kila kilipotoka nilimwona mdogo wangu akiinua kichwa na kukiinamisha. Ijumaa jioni kwenye uzi ukutani vilikuwa vifungo kumi. Akaanza kukunja vitu vyake polepole.

"Unaona dada," akaniambia, "ni mimi tena."

Mbili alimsikia kutoka mlangoni. "Hesabu vilivyobaki," akamwambia.

Jumamosi asubuhi kikatoka cha Mama Saba, ambaye alifurahi kwa kelele za kutosha wote. Mchana akaingia mzee mmoja na kitambaa cha shati chini ya kwapa, mgeni, hamjui yeyote. Tulimwonyesha kopo. Akalitikisa kwanza, kama tunavyowaambia, na humo ndani kikagonga kifungo kimoja tu.

Mzee akatia mkono, akapapasa, akashangaa kwa nini ukumbi mzima umesimama. Mdogo wangu hakungoja asome namba. Alikuwa ameshatunga uzi kwenye sindano, amekaa wima na tepu mkononi, anamvutia mteja wake kiti.